Kodi ya Kibanda Bado Inafunga Watu Eldoret

Tangu tarehe 15 Agosti 2024 sisi wa Eldoret tunaishi jijini. Hati ilikabidhiwa, ngoma zikapigwa, na mji ambao babu zetu waliuita Sisibo, kwa sababu Mzungu aliuandika kwenye ramani kama shamba nambari 64, sixty-four kwa Kiingereza, ukawa wa tano kupata heshima hiyo baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hatuna neno na sherehe ile, tulishangilia kama wengine. Lakini jiji huja na sheria ndogo zake, sheria ndogo huja na faini zake, na faini ikikosa wa kuilipa huishia mahali pamoja tu. Hapo ndipo tunapopiga kamsa.

Tuseme ni Jumatatu asubuhi. Mama ameteremka kutoka Langas na beseni la nyanya, ametandika gunia kando ya barabara, na kabla hajauza fungu la tatu lori la kaunti limesimama mbele yake. Kanjo wawili wanaruka chini. Beseni linapanda kwanza, mwenyewe anafuata. Saa tano yuko kizimbani, vidole bado vinanuka nyanya zilizopondeka njiani. Shtaka linasomwa kwa Kiingereza, mkalimani analigeuza Kiswahili mbio mbio kwa kuwa nyuma yake kuna watu wengine ishirini, kisha linakuja lile swali ambalo kila aliyewahi kusimama pale analijua: ni kweli ama si kweli? Mama anatazama huku na huku, haoni wakili, anakumbuka mtoto aliyemwachia jirani. Ni kweli, anasema. Shilingi 15,000 ama miezi mitatu.

Uzito wote wa hukumu hiyo umekaa kwenye neno “ama”. Aliye na fedha husikia 15,000, akapiga simu, akatumiwa, akalipa, na jioni yuko kwake. Asiye nazo husikia miezi mitatu. Kosa ni moja na hakimu ni mmoja, lakini waliohukumiwa wameondoka na adhabu mbili tofauti kabisa, na kilichowatofautisha ni mfuko.

Wala hakimu hakuitoa hesabu hiyo kichwani mwake. Iko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, imepangwa kama bei za duka. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisizidi siku 14. Ikifika 2,500, mwezi mmoja. Ikifika 15,000, miezi mitatu. Ikifika 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, mwaka mzima. Hebu chukua kalamu upige hesabu. Anayekosa 500 akala siku zote 14, kila siku ya uhuru wake imeuzwa kwa shilingi 35 na senti kidogo. Mama wa nyanya, kwa siku 90, ni shilingi 166 kwa siku. Na akishavuka lango, bei inashuka zaidi, kwani ujira wa mfungwa anayefanya kazi katika magereza yetu miaka na miaka umehesabiwa kwa senti. Serikali inamlisha, inamlinda na kumlaza kwa siku 90, nayo ile 15,000 haiipati. Kaunti imepoteza, Hazina imepoteza, mama amepoteza, na nyanya zimeoza kwenye lori. Mwenye duka angeendesha biashara namna hii angefunga milango kabla ya mwezi kwisha.

Kwa nini basi tunaendelea? Kwa sababu mashine hii hatukuiunda sisi. Tumeirithi, na aliyeiunda alijua vizuri ilikuwa ya kazi gani.

Serikali ya Mwingereza ilipoingia bara haikuwa na fedha, na iliyokuwa nayo ilikuwa imemezwa na reli. Mwaka 1901 ikaweka kodi ya nyumba, ile ambayo wazee waliita kodi ya kibanda. Kila paa la nyasi likahesabiwa na kutozwa rupia, na katika miaka michache tu zikafika rupia tatu. Mwaka uliofuata, 1902, zikatoka kanuni za kwanza za magereza ya Afrika Mashariki. Hatudhani kwamba kufuatana huko ni bahati nasibu. Mtu hatozwi kodi kwa fedha ambayo hajapata kuishika mpaka uwe na mahali pa kumtia akikosa. Mwaka 1906 ikaja sheria ya mabwana na watumishi, iliyofanya kuacha kazi ya Mzungu kuwa jinai. Mwaka 1911 magereza yakawa idara kamili. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuandikisha wenyeji, na vita vilipokwisha kila mwanamume Mwafrika akavishwa kipande shingoni ndani ya kijibati. Ukikutwa bila kipande, ndani. Ukitoroka shamba, ndani. Ukikosa kodi, ndani. Mwaka 1921 kodi ilipandishwa hadi shilingi 16, na ni baada ya watu kumfuata Harry Thuku, aliyepinga kodi na kipande, na damu kumwagika Nairobi Machi 1922, ndipo iliposhushwa hadi 12. Thuku mwenyewe alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Magereza yakajaa, kama yalivyojaa sasa. Na wakuu wa wakati ule walifanya nini? Badala ya kupunguza makosa waliongeza milango. Sheria ya mwaka 1925 ilianzisha kambi za vizuizi kwa wenye makosa madogo, waliokosa kodi na waliosahau kipande, ati wasichanganywe na wahalifu wenyewe. Nia ilielezwa vizuri kwenye karatasi. Lakini kambi ilikuwa rahisi kujengwa, rahisi kuendeshwa, na ilikuwa na faida nyingine ambayo afisa wa wilaya hakuhitaji kuelezwa: barabara zilihitaji kuchimbwa, nyasi za boma zilihitaji kukatwa. Mtu aliyekuwa huru kwa sababu gereza halikuwa na nafasi, sasa nafasi yake ilipatikana. Kenya ikawa inafunga watu wengi kupita majirani zake, na wengi wao hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa wadeni.

Huku kwetu Uasin Gishu jambo hili lilionekana kwa macho. Makaburu walipanda nyanda hizi na magari ya ng'ombe mwaka 1908, wakagawiwa mashamba ambayo mtu mmoja hawezi kuyalima na wanawe. Shamba la ngano linataka mikono, na mikono haikuwa na haja ya kuja kwa hiari, kwa kuwa ilikuwa na ng'ombe wake na wimbi lake. Kodi iliisukuma ije, kipande kikaizuia isiondoke, na jela ikasubiri yeyote aliyefikiri anaweza kukwepa vyote viwili. Hata lugha inakumbuka. Neno nyapara lilikuwa la msimamizi wa vibarua shambani na barabarani, na hadi leo mfungwa anayesimamia wenzake ndani ya seli anaitwa nyapara. Hakuna aliyeona haja ya kutafuta neno jipya, kwa sababu kazi ilikuwa ile ile.

(Na kwa kuwa tumegusa lugha: neno gereza lilizaliwa Mombasa, kwa Mreno. Linatokana na jina la Kireno la kanisa, na watu wa pwani waliibandika ngome nzima jina hilo. Mwingereza akaichukua Ngome ya Yesu mwaka 1895 akaifanya jela hadi 1958. Nyumba ya sala ikawa nyumba ya minyororo, na sasa ni makumbusho unayolipia kuingia. Kuna waliowahi kulala humo bure wala hawakuomba.)

Kuna atakayesema tunakuza mambo, kwamba jela ya kodi ni jela ndogo na ukatili wa ukoloni ulikuwa kwingine. Sisi tunaona kinyume. Dola iliyozoea kumfunga mtu kwa shilingi 12 haipati shida kumfunga mwingine bila sababu yoyote. Ukitaka ushahidi, huna haja ya kwenda mbali. Shuka hapo Nandi.

Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, aliuawa kwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa suluhu. Hilo watoto wa shule wanalijua. Wasilofundishwa sana ni habari ya mwanawe. Barsirian arap Manyei alikuwa Orkoiyot mwaka 1923, wakati Wanandi walipojiandaa kwa sherehe ya Saget ab eito, ya rika moja kukabidhi nchi kwa rika lingine. Mwaka ule ulikuwa mchungu. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, kodi bado nzito, kipande kimeingia, na ng'ombe walikuwa wamefungiwa karantini kwa sababu ya sotoka, hivyo mtu hakuweza kuuza hata fahali mmoja alipe hiyo kodi aliyodaiwa. Serikali iliruhusu sherehe, kisha ikaingiwa na hofu kwamba umati wa vijana mahali pamoja ni vita, ikaifuta, na Oktoba ikamkamata Barsirian pamoja na wazee wenzake. Akapelekwa Meru, mbali na watu wake na lugha yake. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai wa Wakipsigis, ndugu wa ukoo wake, wanawake na watoto, hadi Gwassi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o. Barsirian alikuja kuwa huru miaka ya 1960, baada ya takriban miaka 40. Mandela, ambaye dunia nzima inamjua, alikaa 27. Na Barsirian hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Ilitosha saini ya afisa.

Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, kule Bungoma, alipelekwa hospitali ya Mathari kama mwenda wazimu, kisha mwaka 1948 akahamishiwa Lamu na kukaa huko hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Uhuru ulipokuja alidhani yamekwisha. Serikali mpya nayo ikamfunga.

Kisha ikaja Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, Oktoba 1952, na mashine iliyokuwa ikimeza wadeni wa kodi ikalishwa makumi ya maelfu ya watu kwa mkupuo. Hatutarudia yote. Tutabaki na kambi ya Hola, kwa kuwa Hola ni habari ya utawala wa magereza kuliko habari ya vita. John Cowan, afisa mwandamizi wa magereza, aliandika mpango: mahabusu wanaokataa kufanya kazi washikwe kwa nguvu na walazimishwe. Mpango ulikuwa na aya na hatua kama ratiba ya shule. Tarehe 3 Machi 1959, wanaume 85 walitolewa kambini kwenda shambani, wakazungukwa na askari wenye marungu. Kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Madaktari walipowapasua waliona majeraha ya vipigo. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikuwa amemwandikia gavana kuhusu vipigo kambini, akimshauri kwa maana hii: kama ni lazima tutende dhambi, basi tuitende kimya kimya.

Barua hiyo na nyingine za aina yake zilifichwa Uingereza kwa nusu karne. Zilipofichuka kutokana na kesi ya wazee wetu waliopitia kambi hizo, huko London, serikali ya Uingereza ilikubali Juni 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja alipata ngapi kwa meno yake na ujana wake.

Tunayasema haya kwa sababu ile taarifa ya maji iliacha watoto. Septemba 2000, wafungwa sita waliokuwa wakisubiri kunyongwa walikufa katika gereza la King'ong'o, Nyeri. Tuliambiwa walijaribu kutoroka wakaanguka kutoka ukutani. Uchunguzi wa miili ulionyesha vipigo. Ilikuwa karibu miaka 37 baada ya uhuru, na afisa aliyeandika taarifa ile hakuwa Mwingereza.

Tungetarajia bendera iliposhuka na sheria ishuke nayo. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, tunayoitumia hadi leo ilitungwa mwaka 1962, Gavana bado akiwa Ikulu, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Kanuni ya Adhabu ni ya 1930. Kifungu chake cha 182, kinachohusu watu wavivu na wasio na utaratibu, ukoo wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 ya kuwaswaga maskini barabarani baada ya vita vya Napoleon. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika. Waingereza kwa upande wao walimpa mshairi Abdilatif Abdalla, bila kukusudia, shule aliyoandikia “Sauti ya Dhiki”: sheria ya uchochezi iliyomfunga miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi, ilikuwa yao. Waliomfunga walikuwa wetu.

Hatukatai kwamba mengi yamebadilika, na mwenye haki apewe haki yake. Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais, kuanzia 2003, alifungua milango ya magereza kwa waandishi na kwa familia. Magodoro yakaingia, televisheni zikaingia, na ile sare ya milia iliyoitwa kunguru ikaanza kuondoka. Mwaka ule ule wa 2003 viboko vikafutwa kama adhabu ya mahakama. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, ikaondoa ulazima wa kumhukumu kifo kila mwuaji. Askari jela pia anastahili neno jema, maana ni rahisi kumsahau: anaishi na mke na watoto kwenye nyumba ya bati la duara ambayo mkoloni aliijenga iwe ya muda, na mwaka 2008 ilibidi agome ndipo nchi ijue anaishije.

Lakini godoro halipunguzi idadi ya wanaolilalia. Magereza ya nchi hii yana zaidi ya watu 50,000 katika nafasi ambazo hazikujengewa hata karibu na idadi hiyo, na zaidi ya theluthi moja yao ni mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Eldoret tuna gereza kuu, tuna la wanawake, tuna shamba la Ngeria. Hakuna hata moja lililopewa hadhi ya jiji siku ile ya Agosti. Kwenye la wanawake, sheria inamruhusu mama akae na mtoto wake hadi atimize miaka minne. Ukimfunga mama wa nyanya mwenye mtoto anayenyonya, umewafunga wawili, na huyu wa pili hakuulizwa kama ni kweli ama si kweli.

Tena wengi wa kina mama tunaowazungumzia hapa hata si wa nyanya. Ni wapishi wa chang'aa na busaa, kutoka Langas, Huruma na vijiji vya kandokando. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, inayoitwa ya Mututho, iliiruhusu chang'aa kwa masharti: iwe na leseni, itiwe kwenye chupa, iandikwe kilichomo. Mwenye mtambo wa kutia chupa anaweza. Mama mwenye pipa moja nyuma ya nyumba hawezi, na faini yake ni ya kiwanda. Atauza nini ailipe? Akitoka, deni la ada ya shule limekua, na ujuzi alio nao ni ule ule wa pipa. Anarudi jikoni, polisi wanarudi mlangoni.

Wakuu wa kaunti wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Jiji haliwezi kuendeshwa kama gulio. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Moi hawezi kusubiri mikokoteni iondolewe, mwenye duka analipa leseni na kodi ya pango huku mlango wake umezibwa na mitumba, na maji machafu ya wauza samaki yana njia yake ya kuwafikia watoto. Wachuuzi wenyewe wanajua hivyo. Tunachohoji ni kwa nini kati ya njia zote za kupanga mji tumeshikilia ile moja ambayo ni ghali kuliko zote na haijapanga mji wowote.

Maana kaunti ile ile inajua kuwa mpole inapotaka. Mwenye jumba la orofa anayedaiwa kodi ya ardhi ya miaka mingi haoni lori. Huandikiwa barua, kisha barua nyingine. Baadaye hutangazwa kwenye magazeti, likiwemo hili, kwamba atakayelipa kabla ya tarehe fulani atasamehewa riba. Kaunti kote nchini zimefanya hivyo, na hatusemi ni vibaya, mdaiwa mkubwa huhitaji kubembelezwa ili alipe. Tunauliza tu ubembelezi huo unaishia orofa ya ngapi. Mwenye jumba anadaiwa mamilioni na ni mteja. Mwenye kibanda anadaiwa ada ya siku na ni mhalifu. Mwaka 1901 paa la nyasi lilihesabiwa na la vigae likaachwa.

Dawa zipo, na nyingi hazihitaji sheria mpya. Katiba, ibara ya 49, inasema wazi kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mchuuzi akilala rumande kwa kosa la sheria ndogo, Katiba imevunjwa, na wakili yeyote wa mji huu anaweza kulisema hilo bila hata kuvaa joho. Sheria ya Huduma kwa Jamii, ya 1998, inamruhusu hakimu kumpa kazi ya umma mtu yeyote ambaye angefungwa miaka mitatu au chini. Mama wa nyanya angefagia soko saa mbili kila asubuhi, akauza mchana, akalala kwake na mtoto wake. Maafisa wa probesheni wapo, ila wachache na bila pikipiki. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu aliyefungwa kwa kukosa faini alipe sehemu na siku zake zipunguzwe kwa kiasi hicho. Ni familia ngapi zinazojua? Tumekutana na watu waliouza mbuzi kwa bei ya hasara ili wakusanye faini nzima, wakidhani isipotimia haipokelewi.

Majaji na mahakimu nao wana zamu yao. Sheria ile ile ya mkoloni inawapa haki ya kuingia gerezani, kukagua, kumsikiliza mfungwa na kuandika walichokiona. Wakati wa ukoloni ziara hizo zilikuwa za chai na saini. Tungependa kuona za kwetu zikienda hadi seli ya mwisho, na wanaofunga watu kwa “ama” wakihesabu mara moja kila mwezi ni wangapi waliochagua upande wa pili wa neno hilo kwa kukosa wa kwanza.

Lakini mzigo mkubwa uko bunge la kaunti. Kila mwaka wa fedha madiwani hupitisha sheria ya ada na tozo, na sasa kwa kuwa sisi ni jiji tutasikia mengi juu ya kuongeza mapato. Kila ada watakayoipandisha ina adhabu yake nyuma ya karatasi, kwenye kurasa ambazo hazisomwi kwa sauti. Tunawaomba kabla ya kupitisha nyingine wafunge safari fupi, haihitaji marupurupu ya kulala nje, hadi lango la gereza letu. Kila gereza hufanya hesabu asubuhi na jioni: waliohukumiwa wangapi, mahabusu wangapi, walioenda mahakamani, walio hospitali. Waombe safu moja zaidi: wangapi wako ndani leo ambao wangetoka leo hii kama kuna mtu angewalipia faini, na jumla ya faini hizo ni shilingi ngapi. Karatasi za hukumu ziko ofisini, jina na kiasi vimeandikwa juu yake. Karani anaweza kuitoa hesabu hiyo kabla ya chai ya saa nne.